Kabla ya Chai

Jiwe la mama ni nene kama tembo aliyelala.
Limekaa juu ya nyumba yetu, mlimani Igogo,
ambako choo, jiko na kaburi la babu
vyote vimejibanza kwenye nyufa.
Tangu jana jioni amelichomea tairi mgongoni.
Asubuhi hii, masizi yangali moto,
amelimwagia ndoo ya maji ya ziwa
nalo likalia: taa!
kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

Mimi nimerudi na lenzi shingoni.
Mama Nyamizi ameegemea nyundo:
"Haya, msomi. Jiwe hutoka wapi?"

Nikaanza vibaya. Nikataja vazi la dunia.
"Kumbe dunia nayo huvaa?"
Akacheka mpaka kanga ikamlegea.
Basi nikapitia jikoni.

Mama, sangara aliyenona hukaangwi kwa mafuta ya duka.
Kikaango kikishika moto, mnofu hauyeyuki,
mnofu unabaki mnofu,
ila mafuta yanamtoka mwenyewe, tone, tone,
yanatafutana, yanakuwa dimbwi.
Huko chini ni vivyo hivyo.
Si bahari ya moto, kama tulivyotishwa kanisani.
Ni mwamba mgumu, una joto la kutosha kuyeyuka
lakini umebanwa,
umekaliwa kifuani na uzito wa nchi nzima.
Ukipanda, ukapata pumzi kidogo,
au maji yakiupenya,
sehemu yake ndogo hutoka jasho.
Jasho hilo ndilo magma.
Ni jepesi kuliko lilikotoka, basi linapanda.
Halina haraka. Halina njia. Linapanda.

Lingine lilifika. Upande wa Geita, ng'ambo ya ghuba,
lilimwagika ndani ya bahari isiyo na jina,
bahari isiyo na samaki hata mmoja,
likapoa ghafla, punje zikakosa muda wa kukua,
likawa jiwe jeusi lenye ukijani, halina chembe ya kuonekana.
Hili lako halikuona jua.
Lilichoka njiani, kilomita nyingi chini,
likalala.

Chumvi unaijua. Ukiichemsha upesi inakupa unga.
Ukiyaacha maji yajiendee yenyewe kwenye sahani
unapata punje za kuhesabika.
Hebu tazama.
Akaishika lenzi kinyume, kisha sawasawa.
Hii ya waridi ni feldspa.
Hii kama kipande cha chupa ni kwatzi.
Na hivi vigamba vyeusi, vinavyometa, ni maika.

"Hivi navijua," akasema. "Ndivyo vinavyoniingia machoni."

Nikamwambia miaka: bilioni mbili na nusu, na ushee.
Kilichokuwa juu yake kimesombwa chote na mvua,
milima mizima, mama, chembe kwa chembe,
mpaka lililozaliwa gizani likaanikwa kama dagaa.
Ziwa hili ni mgeni wa juzi.
Lilipofika liliyakuta mawe yameshakaa.

Kivuko kikapiga honi, kikaondoka Kigongo au wapi, sikutazama.
Mama alikuwa akipapasa ufa kwa kidole gumba.
"Na kupoa? Lilipoa muda gani?"
Sijui hasa. Labda miaka laki kadhaa. Labda milioni.
"Laki," akasema.
"Na mimi nalipasua kabla ya chai."

Hakujisifu. Hakusikitika.
Alikuwa anapiga hesabu:
ndoo kumi na nne kwa fundi wa Nyegezi,
sita za mkopo, deni la tairi.
Wengine husomeshwa kwa pamba, wengine kwa ng'ombe.
Mimi nimesomeshwa jiwe kwa jiwe,
nikaenda mbali kujifunza jina la vumbi
lililokuwa kwenye uji wangu.

Nikavua lenzi. Nikachukua nyundo ndogo,
nikalipiga lile jiwe katikati.
Likanirudishia mkono wote mpaka begani.

"Si hapo," akasema. "Hapo ni kifua chake.
Tafuta mshipa, usikilize, ndipo upige.
Hilo hawakukufundisha?"

Hawakunifundisha.