Saa Nne

Khelef wa Ole amekuja Machomanne
na spika tatu ndani ya mfuko wa mchele,
akazimwaga mezani kwangu kama pweza waliokosa mnunuzi.
"Za bandia hizi, Fundi Raya. Zote."
Nikainua moja, nikainusa.
Harufu ya koili iliyoungua haina ubishi:
ni mpini wa sufuria ulioachiwa moto,
mpishi yuko mlangoni anasemezana na jirani.

"Mwaka huu karafuu zimeniitika," asema.
"Nimenunua amplifaya kubwa. Nifungulie geni yote.
Nataka nikitoka Ole, Chake wajue."

Yakhe, kaa kitako.
Geni si sauti.
Sauti ni kile kitufe cha mbele, cha kidole chako.
Geni ni sikio la amplifaya,
hufunguliwa kwa kiasi cha maneno yanayoletwa na redio.
Redio ikinena kwa nguvu, na sikio umelipanua,
wimbi hupanda, likagonga dari, kichwa kikabapa.
Wimbi la kichwa bapa haliimbi.
Linapika.

Haamini. Anautazama mfuko wake wa mchele.

Nikazichomoa nyaya za spika zote.
Redio yake mwisho arubaini; nikaiweka thelathini.
Besi sifuri. Trebo sifuri.
Ile besi ya ziada aliyoibonyeza tangu siku ya kwanza
nikaizima, akaguna kama niliyemvua kofia sokoni.
Kisha nikatia mlio mmoja mnyoofu, wa hezi hamsini,
usiosikika, maana hapana kinywa cha kuutoa;
unapita wayani kimya, mitani ndipo unapoonekana.
Wati mia, omu nne. Zidisha: mia nne.
Kipeuo cha pili, ishirini.
Volti ishirini, basi, wala nukta haiongezwi.

Kitufe cha geni kina siku yake.
Huamka saa moja, kushoto kabisa,
kikachwewa saa kumi na moja, kulia kabisa.
Khelef alitaka mchana wote na alasiri yake.
Nikakisukuma kwa bisibisi nyembamba ya fundi saa:
saa mbili, mita ikasoma sita;
saa tatu, kumi na mbili
(watoto wa chuoni wakapita, mmoja akauliza gari inaumwa nini);
saa nne kasorobo, kumi na nane na ushei;
saa nne.
Ishirini.
Nikauondoa mkono kama unavyouondoa
kwa mtoto aliyepata usingizi sasa hivi.

"Saa nne tu?"
"Saa nne. Wakati wa chai."
"Na huko kulikobaki, si nimelipia?"
"Umelipia na breki, mbona huikanyagi njia nzima?"

Nikadondosha tone la rangi ya kucha, nyekundu,
nusu juu ya kitufe, nusu juu ya bati. Likaganda.
"Redio usivushe thelathini. Hapa usiguse."

Spika mpya zikafungwa. Akatia flashi,
wimbo anaoujua kama njia ya kwao.
Ulipofika ubeti wa tatu akageuka,
akatazama kiti cha nyuma.
"Nani huyo?"
Hapana mtu. Ni mwimbaji, anavuta pumzi.
Na huo ukucha, wa mpiga kanuni.
Na kile kiti kinacholia nyuma ya fidla
kimelia miaka yote hiyo, yeye hakukisikia.

Akapandisha hadi thelathini.
Mitungi ya peremende dukani kwa Bi Time ikatetema,
maneno yakabaki maneno.

Akalipa, pungufu elfu mbili.
Akawasha gari, akatoa kichwa dirishani,
kwa sauti ya chini, ya chini kabisa:
"Fundi, bisibisi hiyo waiuza?"

Haiuzwi.
Lakini duka la vyuma liko hapo kando, zimejaa tele.
Siku atakayorudi na mfuko wa mchele
sitamuuliza kitu.
Nitaanza kwa kuitazama rangi yangu ya kucha.