Deni la Dawa

Duka letu liko nyuma ya soko la Kutaisi,
kati ya muuza jibini na fundi viatu.
Juu ya mlango kuna taa ya kijani isiyozimwa:
DHAHABU, USIKU NA MCHANA.
Mimi ndiye mpimaji. Mizani yangu haina huruma,
nami nilidhani hiyo ndiyo sifa yake.

Tsiala alianza na hereni, mwezi wa Februari.
Mwalimu wa piano: vidole virefu, kucha fupi.
Hakusema fedha ni za nini, nami sikuuliza;
hapa swali ni moja tu, gramu ngapi.
Gramu nne na nusu.
Akahesabu noti mara mbili
akazificha ndani ya kitabu cha muziki.

Machi, mkufu wa marehemu mama yake.
Aprili, vijiko sita vya fedha,
kimoja kina alama za meno ya mtoto.
Mtoto huyo sasa yuko Bari, Italia,
anamwogesha mama wa watu
ili mama yake atundikiwe dripu.
Haya alinisimulia Mei, kitambaa kichwani,
akiitazama mizani, si mimi.
Serikali, alisema, inalipa mpaka hapa.
Akapima kwa kiganja, kama mtu aonyeshaye kina cha maji,
na kiganja kikatua kifuani, upande uliobaki bapa.
"Kutoka hapa kwenda juu, ni mimi."

Nikajifunza bei zisizo za biashara yangu.
Kichupa kimoja, kila baada ya siku ishirini na moja:
pete tatu za harusi.
Picha ya moyo, maana dawa ile huutikisa moyo:
hereni moja, bila mwenzake.
Kitanda, usiku mmoja: kijiko.
Wigi hakununua.
"Kichwa hakinidai," alisema, akacheka peke yake.

Dawa ya deni ni kulipa, walisema wahenga.
Sawa. Na deni la dawa?
Hapo walikohoa, wakauliza habari za mvua.

Julai nilijua piano imeuzwa
kwa kuwa vidole vyake vilicheza juu ya kaunta yangu.
Walikuwa wametoa na tezi za kwapani,
na mkono wa kulia ulikuwa umeumuka
kama unga uliosahauliwa na hamira yake.
Pete ilizama nyamani.
Nikatia sabuni. Nikatia mafuta ya alizeti.
Nikazungusha uzi, kama alivyonifundisha bosi,
mpaka kidole kikawa cha zambarau, naye kimya.
Mwishowe nikashika koleo.
"Kata. Otari yuko kaburini, hataniuliza."
Ilipokatika, sote wawili tuligeuka kuutazama mlango
kana kwamba kuna mtu ameingia.

Gramu tatu nukta mbili.
Mkono mtupu haulambwi, husema watu;
uliovimba, nani atauinamia?
Nikaweka kidole changu cha mwisho ukingoni mwa sahani,
kidogo tu.
Gramu tano.
"Mizani yako imekosea," alisema.
Miezi sita ilikuwa imemfundisha uzito wa kila kitu chake.
"Haikosei," nikamjibu.
Akainua macho. Akatia saini kwa mkono wa kushoto,
maandishi ya mtoto wa darasa la kwanza.

Sasa ni Novemba.
Siku ya kukomboa imepita wiki sita.
Bosi anataka vyote viyeyushwe,
na kila Ijumaa nafuta tarehe kwa raba,
naandika nyingine kwa penseli.
Simu yake inaita tu.
Labda yuko wodini. Labda binti amemchukua.
Silifikirii la tatu kabla ya saa ya kufunga.

Pete iko kwenye bahasha ya kahawia, imeachama
kama mdomo uliokuwa karibu kutaja namba.
Hereni nimezihamishia huko huko.
Sijui kwa nini. Zisikae mbali.