Kandambili ya Bwana Shekuwe

Televisheni imefika dukani kwangu, Bondeni,
imeviringwa shuka la maua kama maiti ya mtu mwenye heshima.
Inchi arubaini na tatu. Kioo kimepasuka katikati,
ufa umechora mto na vijito vyake.
"Imeanguka," akasema Bwana Athmani Shekuwe.
Nikatazama. Juu ya ufa pana alama ya soli,
namba arubaini na moja, mguu wa kulia.
"Imeanguka," nikaitikia. Mteja ni mteja.

Binti yake ndiye aliyesema kweli, chini chini,
akijidai anatazama nyaya:
usiku wa kuamkia Jumatano, saa tisa kasorobo,
Marekani ikihesabu kura,
jamaa wa tai nyekundu alisema neno kuhusu wageni,
na baba, aliyepakua shehena za dunia nzima pale Kilindini
miaka thelathini bila kumrushia mtu hata tusi,
akavua kandambili.

Mimi ni fundi. Najua ndani ya televisheni hamna mtu.
Nimezifungua nyingi: vumbi, ubao wa kijani, mende mmoja mkavu
aliyekufa, nadhani, akisikiliza uchambuzi.
Hamna seneta.
Lakini hasira yatoka humo, naiona ikitoka,
huko wanaiuza kwa jumla, sisi twainunua reja reja.
Mtu hukasirika dakika nane,
kisha huja tangazo la dawa ya presha,
kisha yule mtu hurudi, amekasirika upya.
Nani atasema hawatujali?

Wala mimi si malaika. Nina stesheni yangu, ya watu wapole
wenye rafu za vitabu nyuma ya visogo vyao,
wanaonieleza taratibu kwamba haki ilikuwa yangu tangu mwanzo.
Nawaitikia kwa kichwa, nikila viazi karai,
hata siku moja nikajikuta nimemnunia shemegi yangu
kwa sababu ya jimbo nisilojua liko kaskazini au kusini.
Wiki nzima hatukuamkiana.
Wiki hiyohiyo mferejini hapakutoka hata tone,
na kwa hilo hatukugombana:
tulipanga mitungi foleni moja, kimya,
kila mtu na rais wake moyoni.

Bwana Shekuwe anaye mjukuu kule, Minesota.
Fuad. Usiku hupanga maboksi ghalani.
Zamani alituma picha za theluji.
Siku hizi hutuma sauti, fupi, ya kunong'ona,
kama mtu aliyechelewa swala:
"Babu, tu salama. Mlango tumeufunga."
Jamaa wa tai nyekundu hamjui Fuad.
Alisema tu "wale."
Neno dogo. Likavuka bahari mbili bila viza
likamkuta mzee Kibokoni, juu ya mkeka wake, hajalala.

Basi nimebadilisha kioo. Elfu kumi na nane, na nimempunguzia.
Tukaiwasha kuijaribu. Kwanza buluu, kisha, ndiye,
tai nyekundu, au nduguye, mdomo wazi.
Mzee akatazama kioo. Akatazama mguu wake.
Nikazima sauti.
Bila sauti, wallahi, alikuwa mtu tu,
ana jasho juu ya mdomo, wamesahau kumpa maji.
"Huyu naye," akauliza Bwana Shekuwe, "ana babu?"
Sikuwa na jibu la kifundi.

"Na kioo kisichovunjika, kipo?"
"Kipo, ghali. Nafuu ubadili kandambili,
ziko za sifongo Mwembe Tayari, mia na hamsini."
Hakucheka.
Akaondoka nyuma ya mkokoteni, shuka la maua likipepea,
na mwenye mkokoteni akimuuliza
kwa sauti ya kusikika hadi Makadara:
"Mzee, na Marekani, nani kashinda?"