Kabla ya Kuvuka Ruzizi

Cibalonza, mdogo wangu, umeniuliza njia ya Kibeho.
Sogea hapa karibu na mbabula, shika kalamu.
Usianze na imani. Imani utaikuta mkobani,
chini ya sabuni. Anza na kadi ya homa ya manjano.
Mwaka ule Nankafu alirudishwa darajani kwa kukosa karatasi hiyo,
akapanda Kadutu mchana kweupe na kapu lake la hija,
watu wakamsalimu: Umesharudi? Umetuombea?

Andika noti. Dola isiyochanika pembe,
isiyokunjwakunjwa kama barua ya deni.
Wabadilishaji pale mpakani huisoma noti
kuliko katekista anavyosoma waraka.
Geuza kidogo huku, nyingine ng'ambo,
na ile ya dharura ishonee kwenye pindo la kikwembe.
Kifuani usiweke. Kifuani kila mwizi anapajua.

Sasheti ziache nyumbani. Zote. Hata ile nyeusi ya ndala.
Ng'ambo hawazitaki, watakumwagia karanga mezani
foleni nzima ikitazama.
Sambaza kavu zifunge kwa gazeti,
na gazeti lenyewe lisiwe la siasa.

Amka saa tisa za usiku.
Muderhwa akisema gari linatoka Nyawera saa kumi,
saa kumi yake hufika saa kumi na mbili,
lakini siku utakayochelewa wewe
ndiyo siku atakayowahi.

Sweta. Usinicheke.
Msitu wa Nyungwe hauulizi umezaliwa wapi,
ukungu unapenya dirishani kama mkaguzi,
halafu zile kona, mama yangu, zile kona!
Kula kidogo, weka tangawizi mdomoni.
Mtoto wa jirani akikutapikia magotini,
hesabu hiyo kuwa fungu moja la rozari.

Sasa haya makaratasi.
Jioni ya mwisho shirika zima litabisha hodi,
kila mtu na nia yake ameikunja.
Mimi nilibeba ishirini na tatu.
Mvua ikatukuta kilimani, ikaingia kapuni,
wino wa biki ukaachia, majina yakachanganyikana:
mume wa huyu akaangukia tumbo la yule,
kesi ya kiwanja ikaoana na kifua kikuu.
Niliyaweka hivyo hivyo miguuni pa sanamu, uji wa buluu,
nikasema, Mama, mwandiko wetu umeshauzoea.
Kwa hiyo waambie waandike kwa kalamu ya risasi.
Neno hilo kwetu lina kazi mbili;
wewe chukua ile ya kuandikia. Haiogopi maji.

Dumu la lita tano linatosha, usinunue la ishirini.
Bega ni lako, si la avenyu.
Ukirudi utashangaa jinsi mtaa mzima una kiu,
hata wale wa kanisa la ng'ambo ya barabara.
Gawa kwa kizibo. Usigombane na mtu.

Unaniuliza mimi niliomba nini.

Nilihesabu mikoba. Nilishika foleni ya maji,
nikamtafuta mzee Bisimwa aliyepotelea kwenye viatu vya watu,
nikamshonea sista kamba ya ndala.
Gari lilikuwa limeshaingia msituni, tunarudi,
watu wanasinzia, wengine bado wanaimba kwa pua,
ndipo nikahesabu tena kichwani, ishirini na tatu,
na ndani yake la kwangu halikuwemo.
Nilicheka peke yangu hadi Muderhwa akageuka.
Kisha sikucheka.

Shika hili. Nimelikunja mara nne.
Usilifungue, hata mvua ikinyesha, hata ukichoka,
hata ukidhani unajua.
Liweke mbali na sabuni.

Halafu ongeza hapo chini kabla sijasahau:
sarafu za choo.