Makopo ya Nandudu

Jumapili Nandudu hupika juma zima:
maharagwe ya Jumatatu, nyama ya Jumanne,
malewa kwa karanga, hayo ya Alhamisi
akitoka zamu ya usiku wodini.

Makopo ya aiskrimu, kila moja na plasta,
mwandiko wa nesi: chakula, tarehe, watu wangapi.
Mutenyo kafungua moja, kalamba kifuniko,
kalia.
Maharagwe.

Juzi umeme wa Mbale ulikatika saa mbili usiku.
Sikuthubutu kufungua friza. Niliifunika blanketi
kama mgonjwa wa homa, nikakaa kando yake
nikisikiliza: tone. Tone.

Alfajiri akaingia, viatu mkononi,
akabonyeza kopo kwa kidole, akaguna.
“Washa mkaa. Waite wa jirani.”

Tukala Jumatano, tukala Alhamisi,
tukashiba siku ambazo hazijafika.