Bado Moja

Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja kipana,
juu yake pameandikwa: UJUZI.
Nikakiacha wazi.
Jina nilijaza, Voichița Murgu;
umri, arobaini na tisa; mji, Lupeni;
hata namba ya kiatu nilijaza, maana waliuliza,
ila pale kalamu ikagoma kama punda.

Miaka ishirini na miwili nilikaa dirishani,
chumba cha taa, mgodi wa makaa ya mawe.
Mtu anakuja na kipande chake cha shaba chenye namba,
nakitundika msumarini, nampa taa.
Anashuka.
Anapanda, uso mweusi, yaonekana meno tu,
napokea taa, namrudishia shaba yake.
Basi.
Huo nao ni ujuzi?
Mgodi ulipofungwa lilikuja lori
likazoa taa zangu kama viazi,
nami nikapewa barua ya shukrani
yenye jina la mtu mwingine.

Mwalimu wa kozi alikuwa Ilinca,
kipini puani, miaka ishirini na sita;
kifungua mimba wangu angemwita mdogo wake.
Akaitazama fomu, akavuta kiti.
“Taa isiporudi, mama, ulikuwa unafanyaje?”

Sifungi dirisha, nikamwambia.
Zamu ikiisha natazama misumari:
shaba iliyobaki ukutani
ni mtu aliyebaki chini.
Watasema labda kapitia mlango wa nyuma,
labda kalewa, labda kaondoka nayo nyumbani,
nami nasema bado moja,
bado moja,
hadi msimamizi anyanyue simu kwa hasira.
Mara tatu nilikuwa sahihi.
Mara ya tatu alikuwa Pamfil, mume wa dada yangu.

Ilinca hakusema pole.
Alichukua kalamu akaandika kisandukuni:
*Anajua kuhesabu wanaorudi.*

Miezi tisa, basi, chini ya hospitali ya Petroșani.
Chini tena! Nilicheka peke yangu kwenye ngazi.
Vyuma vya upasuaji vina majina mengi kuliko watakatifu:
koleo za kubana mshipa, ndoano za kutanua jeraha,
mikasi iliyopinda na mikasi iliyonyooka,
na kila kimoja kina bawaba inayoficha damu.
Osha. Kagua kwa lenzi. Funga. Tia mvukeni,
nyuzi mia moja thelathini na nne.
Kidole hiki kinaikumbuka namba hiyo.

Mtihani wa kwanza nilianguka.
Ulikuwa wa kompyuta, na kile kipanya
kilinikimbia mkononi kama panya kweli.
Elimu haina mwisho, husema wenye vyeti;
mimi niliomba iwe na mwisho, angalau Ijumaa.
Nikalia chooni, nikanawa uso, nikarudi.

Tulianza kumi na wanne.
Dumitra aliacha wiki ya sita, akaenda Italia kulea wazee wa watu.
Ghedeon alifaulu kutushinda sote;
cheti chake kiko ukutani, kazi haijaja,
na nikikutana naye dukani
hutazama mizani ya nyanya, hanitazami mimi.
Sina la kumwambia.

Leo Alhamisi, saa nane na robo.
Nina dirisha jingine, dogo zaidi.
Sinia namba kumi na saba lilipanda na vyuma arobaini na kimoja.
Limeshuka. Nahesabu kwa macho,
kisha kwa kidole, kisha kwa sauti.
Arobaini.

Napiga simu juu.
Hesabu tena, wananiambia, daktari anavua glavu,
labda hukuona vizuri, labda kimechanganyika na vya jana,
labda.

Ukutani hapa hakuna misumari,
lakini nauona ule mmoja, na shaba yake.
Bado moja, nasema.
Msimshone mtu.

Kimya.
Halafu nasikia, juu kabisa,
viatu vinakimbia.