Kijiwe cha Gwasi

Lango ni fupi. Ukiwa mrefu kama mimi
unaingia umeinama, utake usitake,
na Midigo, mtoto wa mlinzi, anacheka.

Mimi ni fundi wa Nyamasaria.
Kuta zangu hula saruji mifuko arobaini
na masika ya pili huzipasua.
Hapa jiwe limekalia jiwe,
bila udongo, bila timazi,
mjusi kahamia katikati.

Nikapima kwa jicho, nikapima kwa kiganja.
Nikachomoa kijiwe, cha kabari tu,
nikakitia mfukoni.

Ukuta ukaguna.

"Kirudishe," akasema Midigo. Hacheki tena.

Nikapiga magoti kwenye mavi ya mbuzi
jua likishuka mlimani.
Kutoka kilitoka mara moja;
kurudi,
kila upande kinakataa.